Farasi wa Kumi na Moja

Ukiuliza biashara ya kukodisha magari ilianzia wapi, utapewa jibu la Kimarekani. Utasimuliwa habari za Joe Saunders wa Omaha, Nebraska, ambaye mwaka 1916 alifunga mita kwenye gurudumu la mbele la Ford Model T akaanza kuwatoza watu senti 10 kwa kila maili. Au utatajiwa Walter Jacobs, kijana aliyeanza Chicago mwaka 1918 na Ford kumi na mbili, akaja kuiuza biashara yake mwaka 1923 kwa John Hertz, tajiri wa teksi, ambaye jina lake bado liko kwenye vibanda vya viwanja vya ndege. Ni hadithi tamu, ina mwanzo na ina shujaa. Kwa magari ya matembezi sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko kwenye magari ya mizigo. Vani zilizosambaza mikate, vitambaa, barua na vifurushi katika mitaa ya London zilikuwa zinakodishwa Saunders akiwa hajafunga mita yake, na waliozikodisha hawakutoka gereji. Walitoka zizini, viatu vikiwa na samadi. Walimtoa farasi, wakaweka injini, na mkataba wakauacha vilevile. Nami naamini mkataba ule ndio uliokuwa bidhaa yenyewe. Farasi na injini vilikuwa vifungashio tu.

Chukua mfano wa Thomas Tilling. Alizaliwa mwaka 1825 huko Hendon, wakati huo mashamba matupu nje ya London. Katikati ya miaka ya 1840 akaanza kazi Walworth, kusini mwa Mto Thames, akiwa na farasi jike mmoja wa kijivu aliyemnunua kwa pauni 30. Mwaka 1850 akaingiza barabarani basi lake la kwanza la kukokotwa na farasi, kutoka Peckham, kusini mwa London, hadi Oxford Street, akalipa jina The Times. Mabasi mengine yalikuwa yanazunguka kwenye milango ya baa na nyumba za abiria hadi yajae. La Tilling liliondoka kwa saa na kusimama vituoni tu. Aliyewahi kukaa dakika arobaini ndani ya daladala huku kondakta akiapa kwamba amebaki mtu mmoja tu hatahitaji kuelezwa kwa nini watu walimkimbilia.

Kufikia 1856 alikuwa na farasi 70. Alipofariki mwaka 1893 zizi lake lilikuwa na farasi wapatao 4,000, na miaka minne baadaye familia ikaigeuza biashara kuwa kampuni yenye hisa. Mabasi ndiyo yaliyombebea jina, kwa kuwa yalipita kila siku mbele ya macho ya watu, lakini kazi aliyoanza nayo, na ambayo hakuiacha, ilikuwa kukodisha farasi. Kikosi cha zimamoto cha London kilikokotewa pampu zake na farasi wa Tilling. Hebu fikiria: jiji tajiri kuliko yote duniani wakati ule, lenye kikosi cha zimamoto kinachotegemea farasi usiku na mchana, halimiliki farasi hao. Linawakodi kwa mtu wa Peckham.

Kwa nini? Hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Farasi wa kazi ni chombo kinachougua. Anavimba mguu, anakohoa, anateleza kwenye mawe yenye ukungu wa asubuhi na kuvunjika. Pia anakula hata siku ambayo hafanyi kazi. Basi moja la farasi wawili London lilihitaji farasi 11 nyuma yake: jozi tano za kupokezana, kwa sababu jozi moja ilifanya kazi saa chache tu kwa siku, na mmoja zaidi. Huyo wa kumi na moja hakuwa na jozi wala zamu. Alikuwepo ili mwenzake akichechemea, basi lisikose safari. Alikula shayiri na majani makavu kama wengine, alivalishwa vyuma vya kwato kama wengine, akatibiwa na daktari wa mifugo kama wengine, na kwa siku nyingi za maisha yake hakuingiza hata peni moja.

Mwenye duka la mikate mwenye kigari kimoja hawezi kumlisha farasi wa namna hiyo. Mwenye farasi 4,000 anaweza, kwa kuwa akiba yake inahudumia wateja mia kwa pamoja na hawaugui wote siku moja. Mkataba wa mkodishaji ulikuwa hivi: unalipa kiasi kadhaa kwa mwaka, unapata farasi, akiumia, zizi linaleta mwingine, vyuma vya kwato na matibabu ni juu ya zizi, akifa, msiba ni wa mwenye zizi. Mteja anabaki na jambo moja la kukumbuka, nalo ni siku ya kulipa.

Ili kuuza mkataba wa namna hiyo na usifilisike, lazima ujue kifo kinagharimu kiasi gani. Farasi wa basi alinunuliwa akiwa na umri wa miaka mitano hivi, kwa pauni thelathini na kitu, akafanya kazi miaka minne au mitano, kisha akauzwa kwa pauni chache kwa mwenye kazi nyepesi au kwa mchinjaji. Gawanya tofauti kwa miaka na utapata kiasi anachopungua kila mwaka akiwa bado anatembea. Wahasibu wa leo wanayo hesabu hiyo kwa magari na mashine, na wanatembea nayo kama uvumbuzi wa vyuoni. Makarani wa zizi waliifanya kwa wino, ndani ya daftari linalonuka jasho la farasi. Nakiri kwamba hicho ndicho kilichonivutia katika habari hii yote, kuliko injini zenyewe.

(Naomba nipitie jambo moja pembeni. Utawasikia wasimuliaji wakisema kwamba mwaka 1894 gazeti la The Times lilitabiri kuwa baada ya miaka 50 kila mtaa wa London ungefunikwa na samadi hadi futi tisa. Inapendeza kwenye mihadhara, ila hakuna aliyeionyesha kwenye gazeti lenyewe. Samadi ilikuwa nyingi kweli, na wakulima wa pembezoni waliinunua. Utabiri ni wa wahubiri wa teknolojia.)

Hata Tilling naye alirithi. Zaidi ya nusu karne kabla yake, mwaka 1784, John Palmer aliishawishi serikali ya Uingereza ipeleke barua kwa magari ya farasi badala ya vijana wa kupanda farasi mmoja mmoja. Posta haikununua farasi. Wenye nyumba za wageni njiani ndio waliowatoa kwa zabuni. Magari yenyewe nayo hayakuwa ya posta. Kuanzia 1787 yalitengenezwa kwa muundo wa John Besant, na baada yake mshirika wake John Vidler akaendelea, kwenye karakana ya Millbank. Wenye zabuni hawakuyanunua. Waliyakodi na kulipia kwa maili. Gari likiingia London alfajiri linapelekwa Millbank, linaoshwa, linakaguliwa, linapakwa grisi ekseli zake, na jioni linarudi posta kupakia barua za usiku. Biashara hiyo ilishikwa na Vidler hadi 1836.

Malipo kwa maili, ukaguzi kila siku, matengenezo juu ya mwenye chombo. Saunders wa Omaha alikuja na kisanduku cha kuhesabu maili. Kuhesabu kwenyewe kulikuwepo zamani.

Nimesema mteja anabaki na siku ya kulipa tu. Nilijifunza uzito wa maneno hayo siku nilipohama nyumba Dar es Salaam. Nilikodi kirikuu kijiweni, tukakubaliana bei, tukapakia kitanda, friji na makabati. Katikati ya safari, mlimani, gari likaanza kunuka kama mpira unaoungua, likasimama. Dereva akashuka, akachungulia chini, akarudi dirishani kwangu. "Dada, klachi imekufa." Nikamuuliza sasa inakuwaje. Akapiga simu kwa mwenye gari mara tatu. Mara ya tatu ikapokelewa, akasikiliza, akasema "sawa bosi" kama mara sita, akakata. Bosi alikuwa amemwambia mambo mawili: klachi atainunua yeye dereva maana ndiye aliyeiunguza, na hesabu ya leo iko palepale. Kwangu mimi hakukuwa na gari la pili. Nikatafuta kirikuu kingine, nikalipa upya, friji likahamishwa kando ya barabara huku wapita njia wakitoa ushauri wa bure.

Simlaumu dereva, na hata bosi wake namwelewa; pengine ana gari hilo moja na mkopo juu yake. Lakini angalia mzigo ulivyogawanyika. Tilling alichukua malipo ya mwaka na kubeba kifo cha farasi. Yule bosi alichukua hesabu ya siku na kifo cha klachi akakigawa, nusu kwa dereva, nusu kwangu. Tunaita vyote viwili kukodisha, na ni biashara mbili tofauti kabisa.

Turudi London, maana injini inaingia.

Hadi 1896 sheria ya Uingereza ilibana magari ya mashine yasizidi maili 4 kwa saa. Mwaka huo yakaruhusiwa kwenda kasi zaidi, na mwaka 1903 kikomo kikawa maili 20. Kuanzia Januari 1904 kila gari likapewa namba. Mwaka 1905 likaanzishwa gazeti la wenye magari ya biashara, Commercial Motor, dalili tosha kwamba tayari kulikuwa na watu wa kulinunua. Ila mwenye duka aliyetaka vani ya injini alikuwa anaangalia kitu cha kutisha. Bei ilikuwa mamia ya pauni. Muundo ulibadilika kila mwaka, hivyo chuma cha leo kingekuwa kichekesho cha mwaka kesho. Matairi ya mpira mgumu yalikuwa yanamumunyuka, na gharama yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba kampuni za mabasi za London zilifunga mikataba na watengenezaji kulipia matairi kwa maili badala ya kuyanunua. Isitoshe, nani angeliendesha? Mwendesha farasi alijua kusoma masikio ya mnyama. Injini haina masikio.

Hofu hiyo ndiyo soko la mkodishaji. Wale waliokuwa na karne nzima ya kuuza utulivu kwa watu wenye farasi wagonjwa walikuta watu hao hao, wateja hao hao, sasa wanaogopa kitu kipya. Kampuni ya Tilling ikakodisha vani za injini pamoja na dereva kama ilivyokuwa ikikodisha farasi. Kitu kikiharibika, zizi linaleta kingine.

Posta ilikuwa mteja wa namna hiyo kwa tabia, na iliingia kwenye injini kwa njia ya kuchekesha kidogo. Huduma ya vifurushi ilipoanza mwaka 1883, kampuni za reli zilipewa kwa sheria asilimia 55 ya malipo ya kila kifurushi kilichopita relini. Zaidi ya nusu. Wakubwa wa posta wakapiga hesabu, wakaona heri warudi barabarani. Mwaka 1887, reli zikiwa zimetapakaa nchi nzima, wakaanzisha gari la farasi la vifurushi kati ya London na Brighton, likisafiri usiku kucha kama enzi za Palmer. Watu waliona ni ukale. Ulikuwa ubahili wa akili. Basi ilipofika 1905 na njia hiyo ikapewa gari la injini, gari hilo halikuwa linashindana na treni. Gari lilichukua nafasi ya farasi ambao tayari walikuwa wameshaishinda treni kwa bei. Nalo likaendeshwa kwa mkataba. Posta iliacha makandarasi wahangaike na matairi kwa miaka mingine kumi na nne.

Kwa Tilling, injini iliingia kwanza upande wa mabasi. Tarehe 30 Septemba 1904 basi lake la kwanza la injini, aina ya Milnes-Daimler lenye viti 34, lilianza safari za Peckham hadi Oxford Circus, njia ile ile ya The Times, basi lake la kwanza la farasi. Miaka iliyofuata ilikuwa ya vurugu. Kampuni za mabasi ya injini zilichipuka London kama uyoga na kuanguka vivyo hivyo. Polisi walikataa kuyapa leseni mabasi yenye kelele. Giaboksi za wakati ule zilikuwa meno matupu yanayosagana, na madereva wengi walikuwa juzi tu wameshika hatamu, kwa hiyo kila kubadilisha gia ilikuwa vita.

Hapo kampuni ikafanya jambo ambalo kwa maoni yangu lingefanywa na mkodishaji tu. Mtengenezaji wa magari anauza gari kwa sifa: nguvu, kasi, uzuri. Mkodishaji anaumia kwa kile kinachoharibika. Pale Peckham kilichoharibika ni giaboksi, na kilichoiharibu ni mikono ya waendesha farasi. Badala ya kuwafukuza watu, waliiondoa giaboksi. Wakishirikiana na W. A. Stevens wa Maidstone walitengeneza gari ambalo injini ya petroli inazungusha dainamo, dainamo inalisha mota ya umeme, na mota ndiyo inayozungusha magurudumu ya nyuma. Hakuna gia ya kubadilisha. Mwendesha farasi wa zamani anakaa, anasukuma wenzo, gari linaondoka taratibu bila kukwaruza. Mabasi ya muundo huo yaliingia barabarani mwaka 1911, na jina la Tilling-Stevens likasambaa kwenye miji mingi ya Uingereza. Leo tunashangilia magari yanayochanganya petroli na umeme kana kwamba yameshuka jana.

Bahati nayo ikaingilia. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Uingereza lilikuwa na mpango wa kuwalipa ruzuku wenye malori ya muundo uliokubaliwa, ili siku ya vita liyachukue. Gari la petroli na umeme halikuwemo kwenye muundo huo. Vita ilipofika, wenye magari ya kawaida waliyaona yakienda Ufaransa, na wenye Tilling-Stevens wengi wakabaki nayo. Kilichoonekana kuwa kasoro kiliwaokoa.

Farasi hawakupona. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, basi la mwisho la farasi jijini London lilifanya safari yake ya mwisho kati ya Peckham na Honor Oak. Lilikuwa la Tilling. Halikuondolewa na injini, kama vitabu vya haraka vinavyosema. Lingeweza kuendelea kidogo. Liliondolewa na jeshi, lililohitaji wanyama. Katika siku chache za mwanzo serikali ilichukua farasi zaidi ya laki moja nchini. Daftari la makarani, lililokuwa na safu ya ugonjwa, safu ya ajali na safu ya uzee, halikuwa na safu ya hiyo.

Baada ya vita hofu ilibadilika. Injini ilikuwa imekua. Maelfu ya vijana walirudi wakiwa wamejifunza udereva na ufundi kwenye matope ya Ufaransa. Malori ya jeshi yalirundikwa Slough, magharibi ya London, na mwaka 1920 kampuni binafsi ikanunua eneo lote na magari yake, ikawa inayakarabati na kuyauza. Askari aliyestaafu alichukua kiinua mgongo chake, akanunua lori, akaingia barabarani kubeba mzigo kwa bei yoyote. Bei zikaporomoka. Posta nayo, mwaka 1919, ikaanza kujijengea kundi lake la vani. Baada ya miaka zaidi ya 130 ya kukodi, mteja mkubwa kuliko wote alianza kujitegemea, kwa sababu kitu alichokuwa analipa ili asikiogope kilikuwa hakiogopeshi tena.

Hapa ndipo naona makampuni ya aina hii yanapimwa. Anayeishi kwa kubeba hofu ya wengine yuko mashakani hofu hiyo ikiisha. Waliosalia ni wale walioona kwamba mwenye duka sasa haogopi klachi. Anaogopa kuzika mtaji. Vani kumi ni fedha ambazo angenunulia bidhaa. Anaogopa pia madereva, bima na leseni. Hayo yote yanakodishika.

Sheria ikawasaidia, pengine bila kukusudia. Mwaka 1933 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya usafirishaji iliyogawa leseni za malori: A kwa anayebeba mizigo ya watu, B kwa anayechanganya, C kwa anayebeba mali yake mwenyewe. Leseni ya A ilikuwa ngumu, kwa kuwa reli na wasafirishaji wengine walikuwa na haki ya kuipinga mbele ya ofisa wa leseni. Ila kulikuwa na mlango wa pembeni: gari lililokodishwa kwa mteja mmoja tu, kwa mkataba wa mwaka mmoja au zaidi, lilipata leseni ya A ya mkataba bila pingamizi hizo. Gari ni la mkodishaji, dereva ni wa mkodishaji, na sheria inalitazama karibu kama la mteja.

Na kwa macho nalo lilikuwa la mteja. Vani hizo zilipakwa rangi za duka la mteja, na jina lake likaandikwa ubavuni kwa herufi za dhahabu zenye kivuli. Mama wa nyumbani anayefunguliwa mlango wa vani kuchukua mkate wake anaamini tajiri wa mikate ana magari mengi. Hajui kwamba usiku yanarudi nyumbani kwa mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana historia ya wakodishaji hawa ni ngumu kuifuatilia kwenye picha za zamani: magari yao yote yana majina ya watu wengine. Jina la Hertz tunalijua kwa sababu lilibandikwa kila mahali. Mkodishaji wa mkataba kazi yake ilikuwa kutoonekana.

Wamarekani walifika huko huko kwa njia yao. Jim Ryder alianza Miami mwaka 1933 na lori moja la Ford, akibeba vifaa vya ujenzi. Mwaka 1938 akafunga mkataba wa kumkodishia msambazaji wa bia malori matano, yeye akibaki na jukumu la kuyatunza. Huo unahesabiwa kama mwanzo wa ukodishaji wa malori kwa mkataba nchini mwao. Ukiusoma kwa makini ni zizi la Peckham, bila shayiri.

Tilling wenyewe waliishia pengine. Mabasi yao ya London yaliingizwa kwenye bodi ya umma mwaka 1933. Yale ya mikoani yakauzwa kwa serikali mwaka 1948, kwa takriban pauni milioni 25, na kampuni ikageukia viwanda na biashara nyingine. Mwaka uliofuata, 1949, gari la mwisho la farasi la kubeba barua London liliacha kazi, miaka thelathini baada ya posta kuanza kununua vani zake.

Jirani yangu ana kirikuu vinne. Mwaka jana kiwanda kimoja cha mikate kilimwita, wakataka magari manne kila alfajiri, mkataba wa mwaka, na faini gari likikosa. Alikuja na karatasi tukakaa kibarazani kupiga hesabu: mafuta, dereva, tairi, bima, sevisi. Nikamwambia aongeze gari la tano la kukaa tu. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaliandika. Alipowapelekea bei, ofisa manunuzi alishuka nayo mstari kwa mstari akikubali, hadi mstari wa mwisho.

"Na hili linabeba nini?"

"Halibebi kitu, mzee. Linasubiri."

Akaufuta kwa kalamu nyekundu, na jirani yangu akasaini vilevile.